Mkataji Hachagui

Baba alinifikisha stendi ya Ubungo saa kumi na moja alfajiri, mwanzoni mwa 2003, akanikabidhi kwa kondakta pamoja na tranka la bluu, godoro lililofungwa kamba ya katani, ndoo, kwanja, jembe lisilo na mpini, na nasaha moja. "Unakwenda kusoma," alisema, "huendi kutafuta marafiki. Marafiki watakutafuta wenyewe ukishafaulu." Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Maneromango, wilaya ya Kisarawe, na nasaha zake zote alizitoa kwa sauti ya kusomesha imla: polepole, na kituo anakitaja.

Nilikuwa na miaka 14. Nilichaguliwa shule ya wasichana ya bweni ya serikali huko Mufindi, mkoani Iringa, mahali ambapo kwetu hakuna aliyewahi kufika. Tulipita Morogoro, tukaona tembo Mikumi, tukapanda Kitonga basi likiguna kama mgonjwa. Kufika Mafinga jua linazama, nikashuka na kanga moja ya kujifunika. Baridi ya kule mtu wa Pwani hasimuliwi akaielewa. Ile ya Juni na Julai, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi.

Kabla sijajua choo kiko wapi, mche wangu wa sabuni ulikuwa umeshaibwa. Nililifungua tranka kutoa shuka, nikageuka kuuliza kitanda changu ni kipi, nikarudi nikakuta pengo. Nikakaa chini nikalia, na waliokuwa mle bwenini wakafurahi sana, maana kilio cha njuka, mwanafunzi mgeni, kilikuwa burudani ya jioni. Ndipo kutoka deka ya juu, kile kitanda cha ghorofa, ikashuka miguu miwili mirefu, imekauka, ina vumbi la safari hadi magotini.

"Wa wapi wewe?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda. "Basi nyamaza kulia, mtumwa wangu. Mimi Mnyamwezi wa Urambo. Unaniaibisha."

Akatoa mche wake wa sabuni, ule wa bluu wenye mistari, akauweka juu ya tranka langu. Akachomoa uzi kwenye pindo la sketi yake, ncha moja akaiuma, nyingine akaizungusha kidole, akaupitisha uzi kwenye sabuni taratibu kama anayekata ugali wa mgonjwa. Ukatoka vipande viwili, kimoja kimezidi kidogo. "Kwetu mkataji hachagui," akasema. "Chagua."

Mimi kwa adabu za kwa bibi nikachukua kidogo. Akanitazama kwa huruma ya kweli kweli. "Mzaramo gani huyu, hata kuchagua hajui."

Tangu siku hiyo hatukuitana kwa majina. Yeye mtani, mimi mtani. Na humu nitamwita hivyo hivyo.

Watu wa bara na wa Pwani wanaujua utani huu. Bibi yangu aliusimulia kwa mkato: Wanyamwezi walikuja na misafara, mizigo begani, wakipita kwetu kwenda Bagamoyo na kwingineko, wakapigana na sisi, wakaoana na sisi, mwisho wakabaki kutukanana kwa mapenzi. Sijui pangekuwaje kama deka ya juu angekaa mtu asiye mtani wangu. Pengine angenionea aibu tu akageukia ukutani. Utani ulimpa ruhusa ya kunicheka, na kunicheka kulimpa ruhusa ya kunisaidia bila mimi kujiona ombaomba.

Sasa nieleze tulivyosoma, kwa sababu hapo ndipo nasaha ya baba ilipoanza kunishinda.

Sote tulikuwa tumetoka shule za msingi ambako kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili, toka hesabu hadi sayansi. Ghafla mwalimu wa baiolojia anaingia, anageukia ubao, anaandika Kiingereza dakika 40, anafuta, anaondoka. Tunanakili. Mtu anayenakili lugha asiyoijua ni kama anayechora picha ya maneno. Juu ya hayo kulikuwa na kibao. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni, nawe unamtafuta mwingine wa kumvisha. Atakayelala nacho anafyeka asubuhi. Kwa hiyo muhula wa kwanza bweni zima lilikuwa kimya kama msikiti. Ilidhaniwa tuna nidhamu. Ukweli ni kwamba hatukuwa na maneno.

Mtani alikuwa na akili ya hesabu iliyonitisha. Baba yake alilima tumbaku, na tangu mdogo alikuwa anakaa naye siku ya soko pale chama cha msingi, anakokotoa kilo na madaraja ili karani asiwapunje. Lakini Kiingereza hakikumwingia hata kwa nyundo. Mimi lugha nilizipenda, baba alinilea na magazeti. Hesabu ndiyo ilinitoa jasho. Tukafanya mapatano. Jumamosi baada ya kufua tunakwenda nyuma ya shule, kwenye misindano. Mufindi ni nchi ya misindano, msitu wa Sao Hill umeenea mpaka macho yanachoka. Chini pamejaa majani makavu, ukikalia ni kama godoro, na mtu akija unamsikia toka mbali kwa vijiti kuvunjika. Hapo hakuna wa kutuvisha kibao. Hapo tulisoma kwa Kiswahili.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Haruhusiwi mtu kusema "nimeelewa". Ukisema umeelewa, unasimama unamfundisha mwenzako upya, na yeye anajifanya mjinga kabisa, anauliza maswali ya kukera. Nakumbuka siku ya sine, cosine na tangent. Nilikuwa nimeshakariri mara tatu na mara tatu zimetoka kichwani. Mtani akachukua kijiti, akachora ardhini pembetatu mraba, akaandika juu SOTOCA na chini yake HAH. "Soma."

"Sotoka."

"Sotoka ni nini?"

"Ugonjwa wa ng'ombe."

"Ng'ombe wako wote wamekufa kwa sotoka, mimi mtani wako nafanya nini?"

"Unacheka."

"Nachekaje?"

"Ha-ha."

Alipiga makofi mpaka tukaogopa. Sotoka, haha: sine ni O juu ya H, tangent O juu ya A, cosine A juu ya H. Leo nafanya kazi ya uhasibu, sijakutana na cosine miaka mingi, lakini ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia. Nimesoma kwa walimu wengi wazuri baada ya pale, na sijawahi kufundishwa hivyo tena, kwa sababu mwalimu hata awe hodari vipi hawezi kujua ni mzaha gani utakaokaa kwenye kichwa chako wewe. Hilo anajua mtu unayelala naye deka moja.

Mambo mengine yalikuwa madogo, nayataja kwa haraka. Malaria ilinifuata toka Pwani, nikalazwa siku nne kwenye zahanati ya shule na dripu ya kwinini masikio yakivuma, mtani akakosa prepo, masomo ya jioni, siku mbili kukaa nami na akachapwa kwa hilo. Ramadhani ya 2004 iliangukia Oktoba na Novemba, mtihani wa kidato cha pili uko mlangoni. Yeye ni Mmoraviani, lakini alikuwa anapanga foleni bwaloni na sahani mbili, mchana ananiwekea maharage yangu ndani ya ndoo yenye mfuniko ili magharibi nikute kitu. Mara moja panya walitangulia kufuturu. Na mimi nilimwandikia insha zake za Kiingereza mpaka mwalimu akashtuka, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake ila mizaha ilikuwa yangu.

Likizo ya Juni 2004 hakuwa na nauli. Kwenda Urambo ilimbidi apande basi la vumbi kupita Mtera hadi Dodoma, kisha treni, na pesa ya tumbaku haikuwa imelipwa. Pesa ya tumbaku kwa kawaida ilikuwa haijalipwa. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na karibu kila muhula jina lake lilisomwa mstarini. Nikaenda naye Maneromango. Bibi alimpokea mlangoni: "Karibu, mpagazi. Mzigo wetu umeuacha wapi?" Mtani bila kusita akamwambia ameula njiani, ulikuwa mtama. Basi, bibi akawa amepata mjukuu. Wiki tatu walikaa jikoni wanabangua korosho na kutukanana. Baba alikuwa anapita na gazeti lake, hasemi kitu. Siku ya kuondoka alimuuliza mtani swali moja la hesabu, akajibiwa, akatikisa kichwa.

Yaliyofuata nimeyaandika mara kadhaa nikayafuta.

Julai 2005, kidato cha tatu. Kila tulipotoka likizo ndefu nesi alikuwa anakuja kutupima mimba. Tunapanga foleni, tunaitwa mmoja mmoja, tunatoka tukiinamisha macho hata asiye na jambo. Usiku wa kuamkia siku ile mtani alishuka toka deka ya juu, akaingia kwenye shuka langu, akaniambia. Baridi ilikuwa kali, meno yake yanagongana, nikadhani anatetemeka kwa baridi. Hakulia. Aliniuliza tu kama nadhani wataweza kumruhusu afanye mtihani wa kidato cha nne mtoto akishazaliwa. Nikamwambia labda. Wote wawili tulijua hakuna labda. Kanuni za serikali za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa humo, na hata zisingeruhusu, hatukuwahi kumuona aliyeondoka kwa sababu hiyo akarudi.

Kesho yake saa nne niliitwa ofisini. Mtani alikuwa ameketi barazani juu ya tranka lake, mlango uko wazi. Ndani walikuwa walimu watatu. Mmoja akaniuliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

"Hapana, mwalimu."

Huo ni uongo wa woga. Nilikuwa na miaka 16, nyuma yangu kuna baba aliyekopa ada, nami najisamehe. Lakini nikaendelea. Nikasema, "Sisi tunalala deka moja tu."

Hili la pili hakuna aliyeniuliza.

Toka pale nilipotoka ofisini hadi nilipofika kona ya maktaba ni hatua kama 20, na tranka lake liko katikati ya njia. Nilipita pembeni. Hakuniangalia. Mchana gari la shule likampeleka stendi. Jioni nilikuta juu ya kitanda changu mche wa sabuni aliokuja nao toka nyumbani, mzima, haujakatwa, na kitabu chake cha jedwali za hesabu chenye jina lake kwenye jalada la ndani.

Wiki ile ile mwalimu mmoja alisimama mstarini akatuasa kuhusu marafiki wabaya. Nimekuwa nikisikia maneno hayo tangu darasa la kwanza: samaki mmoja akioza, tumbili na mamba, na mengineyo. Siwalaumu wanaoyasema, wapo marafiki waliompeleka mtu pabaya, nami nawajua. Ila katika miaka 13 ya madarasa sikuwahi kusikia mtu mzima akisimama mbele ya paredi kutuuliza: je, na wewe ni rafiki mbaya kwa nani?

Barua ya kwanza ilikuja Septemba. Ilikuwa imefunguliwa, kama barua zetu zote zilivyofunguliwa na matroni. Alieleza habari za Urambo, mvua, mdogo wake. Mwisho aliomba desa, yaani muhtasari wa somo: nitumie desa la fizikia, mada ya mwanga, lile la kurasa sita, nataka nijaribu kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ya pili ilikuja Novemba, fupi, desa lile lile. Sikujibu. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba niliogopa matroni. Lakini Desemba nilikuwa nyumbani, na posta ya Kisarawe haikuwa na matroni.

Kidato cha nne nilisoma na wengine. Walikuwa wasichana wazuri, tulikuwa na kundi la majadiliano la watu sita, tunagawana mada, tunapiga msuli hadi saa saba za usiku na kibatari tulichokificha. Nilijifunza pale tofauti ya kusoma pamoja na kusomeshana. Kwenye kundi kila mtu alitaka aonekane anajua. Ukisema hujaelewa, kuna mtu anaguna. Hakuna aliyejifanya mjinga kwa ajili ya mwenzake. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba Jumamosi nilikuwa naenda misindanoni peke yangu na kile kitabu cha jedwali, nasimama, nauelezea mti. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2007 nilikuwa na divisheni ya pili, hesabu C. Kwa nchi ambako hesabu ndiyo inayoongoza kwa kufelisha, C ile ilisherehekewa na kijiji. Baba alichinja jogoo. Bibi peke yake aliuliza, "Na mpagazi kapata ngapi?" Nikamwambia alihama shule. Bibi akaninyamazia, akaendelea kubangua.

Bibi alifariki 2010. Mimi niko mwaka wa kwanza chuo, Dar es Salaam. Nilifika Maneromango saa sita mchana, maziko yalipangwa baada ya alasiri. Wanawake tulikuwa ndani, wanaume uani. Mwili umeshaoshwa, umeshakafiniwa, jeneza limeletwa mlangoni, wanaume wanainama kubeba. Mara nikasikia sauti nje.

"Haendi mtu! Huyu bibi namdai!"

Watu wakasogea. Mwanamke mrefu, kanga kiunoni, kalala kizingitini kakunja mikono kifuani kama maiti. "Nimebeba mzigo wake toka Unyamwezi, hajanilipa. Mkitaka kupita niruke kwanza." Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, waliokuwa wanacheka wakazidi kulia, ndivyo mtani anavyofanya kazi yake msibani. Mzee mmoja akasema, "Mlipeni mtani, jamani, jua linakwenda." Sarafu zikaanza kumdondokea. Akazihesabu akiwa amelala, akasema hazitoshi, bibi huyu alikuwa mzito wa maneno.

Kisha baba akatoka kwenye kundi la wanaume. Akachutama, akamwekea noti ya 2,000 kifuani, akasema kwa sauti yake ile ya imla, "Pole na safari, mwanangu. Mruhusu mama yangu apite." Mtani akainuka, akajifuta vumbi, akapisha.

Nilibaki nimeshika fremu ya mlango.

Usiku, tumelala uani kwenye mikeka, nikapata habari yote. Alipoona sijibu, aliandika kwa bibi, kwa sanduku la posta la shule ya baba. Bibi hajui kusoma. Baba alikuwa anamsomea, na bibi anatamka majibu, na baba anaandika. Mwaka hadi mwaka. Korosho zilitumwa Urambo, asali ikatumwa Maneromango. Mtoto alizaliwa mapema 2006, wa kike. Mwaka 2008 mtani alihamia Mbagala kwa shangazi yake, akawa anauza asali na mchele toka kwao. Idi mbili alikuja kusherehekea na bibi, mimi sipo. Toka Mbagala hadi chuoni kwetu ni daladala mbili.

Baba hakuwahi kuniambia. Nilimuuliza kesho yake. Akasema, "Barua hazikuwa zako."

Lakini usiku ule mkekani nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nikaanza: lile la ofisini, siku ile. Mtani akanikatiza.

"La ofisini lina nini? Ungesema nini na wewe? Wangekufukuza tukawa wawili." Akageuka upande, akavuta kanga. Nikadhani kalala. Baada ya muda akasema gizani, "Nilikasirikia desa."

"Desa?"

"Kurasa sita, mtani. Mwanga tu. Kioo kilichobinuka na kioo kilichobonyea. Nilikuwa nakaa na mtoto mgongoni, nachora mistari, inakataa kukutana. Nikawa najiambia atatuma, anatafuta stempu."

Sikuwa na la kusema, na nafurahi sikusema. Nilikuwa nimebeba miaka mitano aibu ya neno moja nililolitamka ofisini, naliona ndilo kosa kubwa, kwa sababu lilikuwa na mashahidi na lilisikika vibaya. Yeye neno lile lilimpita. Kilichomkaa ni karatasi sita zisizofika. Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama rafiki zangu kwa namna nyingine. Nikijikuta nawaza sana kuhusu nilivyomuonea mtu huruma, nasimama najiuliza kwanza kama kuna kitu aliniomba ambacho bado kiko kwangu.

Mwaka 2011 nilimpelekea madesa kila Jumamosi, Mbagala, masomo saba. Alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku anauza mchele, akapata D nne na C ya hesabu. "C kama yako," aliniambia, "ila mimi sikuwa na mtu wa kunichekesha." Cheti kipo ukutani dukani kwake, kimefunikwa na kalenda. Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana wanaojifungua wataruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida, nilimpigia simu kabla taarifa ya habari haijaisha. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wamechelewa miaka 16 tu. Wewe ulichelewa mitano, kwa hiyo umewashinda." Kisha akaniuliza bei ya maharage Kariakoo.

Nirudi nyuma kidogo, Januari 2020. Binti yake, yule wa 2006, alifaulu darasa la saba akachaguliwa shule ya bweni ya serikali huko kaskazini. Ada haikuwepo tena, iliondolewa 2016, ila fomu ya kujiunga ilikuwa ile ile ya kwetu ukiiangalia: tranka, godoro, ndoo, kwanja, jembe, fagio, rimu ya karatasi. Tulizunguka Mtaa wa Kongo watatu siku nzima, mtani anapunguza bei mpaka wauzaji wanamuuliza kama ni mtu wa Tabora. Jioni tukakaa sebuleni kwake Mbagala kupanga tranka. Binti anataka kuweka mafuta ya nazi chupa tatu. Mama yake anatoa mbili.

Ikafika zamu ya sabuni. Miche miwili, ya bluu, yenye mistari. Nikamwambia binti afiche mmoja chini ya shuka, maana utaibwa siku ya kwanza. Mtani akasema la, kwanza ajue kukata. Akachomoa uzi kwenye kanga yake, akampa. Binti akauma ncha kama alivyoelekezwa, akavuta kwa pupa, uzi ukaenda upande. Vipande vikatoka kimoja kikubwa mara mbili ya kingine.

"Haya," mama yake akamwambia. "Mkataji anafanyaje?"

"Hachagui."

"Basi mpe mama mdogo achague."

Akanisogezea vyote viwili kwenye viganja, mikono inanuka sabuni. Nikachukua kidogo.

Mtani akaguna, akalifunga tranka, akakaa juu yake. "Miaka 17," akamwambia bintiye, "na mtumwa huyu bado kuchagua hajui."